Rimoti Imepotea, Televisheni Ipo

Meza yangu ya ufundi ipo karibu na soko la Mutindwa, mtaani Umoja, Nairobi, na katika miaka niliyokaa nyuma yake, nikishughulikia kwanza redio na kanda, kisha zile televisheni zenye mgongo mkubwa, na sasa hizi bapa zinazochota filamu moja kwa moja kutoka katika intaneti, sijaona kitu kidogo chenye kuitia nyumba fadhaa kama rimoti iliyopotea. Mtu huja asubuhi amekumbatia televisheni ya inchi 43 iliyoviringwa blanketi, amepanda nayo bodaboda kutoka Kayole au Dandora, roho mkononi, na nikimwuliza ina maradhi gani hunijibu kwamba haina maradhi ila rimoti haionekani, na kwamba kuna mahali ameambiwa ubao wa ndani umekufa na heri anunue nyingine. Naichomeka stima, nabonyeza kitufe kilicho chini ya fremu, picha inatoka. Fedha aliyokuwa tayari kuitoa ilikuwa karo ya mtoto.

Kwa ajili ya watu kama hao nimeyakusanya hapa maswali ambayo majirani huniuliza kila juma, nikayajibu kwa urefu ambao kibanda chenye wateja hakiruhusu. Msingi wa majibu yote ni mmoja: televisheni ya kisasa ni nyumba yenye milango mingi, na rimoti ni ufunguo wa mlango mmoja tu. Upo mlango wa kitufe, upo wa mtandao, upo wa matundu ya nyuma, na upo ule wa mwanga usioonekana. Ufunguo mmoja ukipotea, hapana haja ya kuivunja nyumba.

SWALI: Fundi, salaam. Rimoti yetu ilipotea Jumapili watoto walipokuwa wakitazama katuni. Televisheni ni ya Android, imeunganishwa na Wi-Fi yetu wenyewe, na simu ninayo. Nifanyeje? — Mama wa watoto watatu, Kayole

JIBU: Mama, pole kwa usumbufu. Kabla hatujaigusa simu, niruhusu nikuombe utafute tena, na safari hii utafute kwa mpango, kwa maana katika nyumba zetu rimoti aghalabu haivuki kizingiti. Ondoa vile vitambaa vya kufuma vilivyotandikwa juu ya viti, kisha tia mkono katika ufa ulio baina ya mto wa kukalia na mkono wa kochi, ushuke mpaka vidole viguse mbao. Humo nimewahi kutoa, mbele ya wenyewe, rimoti mbili za televisheni mbili tofauti, sarafu za shilingi ishirini, kalamu, na ufunguo wa kufuli ambao hakuna aliyeutambua. Ikikosekana hapo, lilaze kochi chali upapase kile kitambaa chembamba cheusi kilichopigiliwa chini yake, kwani kitu kikipenya juu huanguka kikabaki kinaning'inia humo. Na maadamu wa mwisho kuishika alikuwa mtoto, fungua pia mkoba wa shule.

Isipopatikana, tuingie kwa mlango wa mtandao. Televisheni yenye mfumo wa Android TV au Google TV huitii simu kama inavyoitii rimoti, kwa sharti moja, kwamba vyote viwili viwe katika Wi-Fi moja. Iwashe televisheni kwa kitufe cha mwilini mwake, ambacho nitakieleza punde. Hakikisha simu imeshika Wi-Fi ile ile wala haitumii data ya laini. Hili ndilo kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko yote. Kisha pakua programu iitwayo Google TV, ambayo ni ya bure, katika simu ya Android au iPhone. Ukiifungua utaona alama ndogo ya rimoti. Iguse, chagua jina la televisheni yako, na papo hapo skrini kubwa itaonyesha msimbo mfupi. Uandike msimbo huo katika simu, na simu imekwisha kuwa rimoti: ina mishale ya kwenda pande nne, kitufe cha kurudi, cha mwanzo, cha sauti, na juu ya hayo ina kibodi, fadhila ambayo rimoti haikupata kuwa nayo, kwani kuandika jina la filamu kwa kuruka herufi moja baada ya nyingine ni taabu inayojulikana na kila mtu. Google Home nayo hufanya kazi hiyo hiyo.

Wenye Samsung watatumia SmartThings, wenye LG watatumia ThinQ, wenye Hisense ya mfumo wa VIDAA watatumia programu ya jina hilo hilo, na wenye kijiti cha Amazon watatumia programu ya Fire TV. Ama zile zinazouzwa mjini kwetu kwa majina kama Vitron au Vision Plus, usilitazame jina lililoandikwa kwenye fremu. Tazama jina la mfumo linalotokea skrini inapowaka, maana hilo ndilo litakalokwambia programu ipi upakue.

SWALI: Unasema kitufe, lakini yetu haina kitufe hata kimoja. Nimeizunguka yote. — Kijana wa Dandora

JIBU: Kijana wangu, kipo. Mafundi wa siku hizi wanakificha kwa ajili ya urembo, lakini sijafungua televisheni iliyokikosa. Washa tochi ya simu, upige magoti, utazame chini ya fremu, katikati kabisa, chini ya jina la kampuni. Kikikosekana hapo, peleka mkono nyuma, kwenye pembe ya chini upande wa kulia, upapase taratibu. Yamkini utagusa kijiti kifupi mfano wa chuchu ya mpira, kinachosukumwa mbele, nyuma, kushoto na kulia, na kubonyezwa katikati. Hicho peke yake kinatosha kuwasha, kuzima, kupandisha sauti na kubadilisha chanzo cha picha. Katika televisheni nyingine huwapo kitufe kimoja tu, na adabu yake ni hii: ukibonyeza kwa muda mfupi unahama kutoka neno moja hadi jingine katika orodha, ukibonyeza kwa muda mrefu unachagua. Ni njia ya polepole, lakini ndiyo itakayokuwezesha, kwa mfano, kulijibu ombi la Samsung inapouliza kama unairuhusu simu mpya kuiongoza. Ikiwa televisheni imepigiliwa ukutani, usiing'oe. Mkono mwembamba wa mtoto hupita pale ambapo wako hauwezi.

SWALI: Ploti yetu ina Wi-Fi moja ya wapangaji wote. Simu yangu imo, televisheni imo, intaneti inafanya kazi kote kuwili, lakini programu inasema haioni televisheni yoyote. — Mpangaji, Pipeline

JIBU: Bwana, hapa kosa si lako wala la televisheni. Katika ghorofa zenye vyumba vingi, mwenye kuleta mtandao mara nyingi huiamuru ruta iwatenganishe wateja, yaani kila kifaa kikione kile cha nje, lakini visionane vyenyewe kwa vyenyewe. Ni amri ya busara, kwa sababu bila hiyo mpangaji wa ghorofa ya sita angeweza kuchungulia kompyuta ya yule wa ghorofa ya pili. Walakini amri hiyo hiyo ndiyo inayoiziba njia baina ya simu yako na televisheni yako, hata kama zimekaa meza moja.

Kwanza, ondoa mashaka madogo: kama simu yako ina programu ya VPN, izime, kwa kuwa huificha simu kwa namna iyo hiyo, na kama ploti ina majina mawili ya Wi-Fi, viweke vifaa vyote viwili chini ya jina moja. Isipofaa, zungumza na mwenye mtandao, umweleze kwa upole kwamba unataka televisheni yako na simu yako vionane. Wengine hukubali kukupa jina lako la pekee. Akikataa, ruta ndogo yako mwenyewe, iliyochomekwa kwenye waya unaoingia chumbani kwako, hufanya chumba chako kuwa mtaa wake. Na kwa dharura ya usiku mmoja, fungua hotspoti ya simu moja, uingize humo televisheni na simu ya pili.

Ila utaniuliza, televisheni itaingiaje katika hotspoti ilhali hakuna rimoti ya kuiandikia neno la siri? Swali hilo aliniuliza pia bwana anayefuata, naye nimemjibu kwa kirefu.

SWALI: Tulihama kutoka Umoja kwenda Donholm mwisho wa mwezi. Rimoti ilipotea njiani, na nyumba mpya ina Wi-Fi nyingine. Simu inasema televisheni iingie kwanza katika mtandao. Televisheni inataka neno la siri la mtandao mpya, nami sina cha kuliandikia. — Baba wa familia, Donholm

JIBU: Ndugu yangu, swali lako ndilo gumu kuliko yote, na ndilo ninalolipenda zaidi, kwa sababu dawa yake ni ndogo mno na wengi wamenunua televisheni mpya kwa kutoijua. Usiifundishe televisheni mtandao mpya. Ufufue ule wa zamani. Televisheni haijui kwamba umehama. Inachokumbuka ni mambo mawili tu, jina la Wi-Fi ya Umoja na neno lake la siri, na kila inapowaka hulitafuta jina hilo hewani. Ikilipata, na neno la siri likawa ndilo, huingia yenyewe bila ya kumwuliza mtu.

Basi tafuta simu mbili. Katika ya kwanza, kabla ya kufungua hotspoti, badilisha jina la hotspoti liwe jina lile lile la Wi-Fi ya zamani, na neno la siri liwe lile lile, herufi kwa herufi: kubwa ikiwa kubwa, ndogo ikiwa ndogo, na palipo na nafasi pawe na nafasi. Katika iPhone jina la hotspoti ni jina la simu yenyewe, kwa hiyo ni hilo utakalolibadilisha. Kisha chagua masafa ya GHz 2.4, kwa kuwa televisheni nyingi za bei nafuu hazisikii yale ya GHz 5. Umelisahau neno la siri la Umoja? Simu yako bado inalo. Fungua orodha ya mitandao iliyohifadhiwa, uguse jina lile la zamani, na simu ya Android ya miaka ya karibuni itakuonyesha mchoro wa miraba ya kushiriki, na mara nyingi neno lenyewe limeandikwa chini yake; iPhone nayo huonyesha.

Kijana mmoja alikaa mbele yangu kwa karibu saa nzima, hotspoti ikikataa katakata. Nikamwomba anisomee jina la zamani polepole, kisha anisomee alilolitia yeye. Tukagundua kwamba ruta ile ilikuwa na kistari cha chini mahali ambapo yeye aliacha nafasi. Akakiweka kistari, akaizima televisheni na kuiwasha, nayo ikaingia kabla hajaiweka simu mezani.

Televisheni ikishaingia, simu ya pili nayo iingie katika hotspoti hiyo hiyo, ufungue programu, uandike msimbo kama nilivyomweleza mama wa Kayole, kisha uende katika mipangilio ya mtandao, uchague Wi-Fi ya Donholm, na neno lake la siri uliandike kwa kibodi ya simu. Dakika hiyo simu itapoteza mawasiliano na televisheni, wala usifadhaike, kwa maana televisheni imehamia upande wa pili. Ihamishe simu nayo, na zitaonana tena. Hima uizime hotspoti, kwani filamu ya kawaida ya Netflix huweza kula takriban gigabaiti moja kwa saa, na ile ya picha safi hufika tatu, na bando lako litateketea kabla ya chakula cha jioni.

Ipo na njia fupi zaidi kwa mwenye televisheni yenye tundu la kebo ya mtandao: chomeka kebo kutoka kwenye ruta mpya hadi kwenye televisheni, na mambo yamekwisha, kwa sababu waya hauulizi neno la siri. Kabla ya kuhangaika na hotspoti, chungulia nyuma kama tundu hilo lipo.

Na nakusihi jambo moja. Pengine atakujia mtu akwambie dawa ni kuifuta kumbukumbu yote ya televisheni irudi kama ilivyotoka kiwandani. Usikubali. Ikishafutwa, imelisahau hata lile jina la zamani ambalo lilikuwa ndilo kamba yako ya wokovu, na skrini ya kwanza itakayoonyesha ni ile inayodai rimoti.

SWALI: Nimesikia kipanya cha kompyuta chafaa. Ni kweli? — Mwenye duka la saiba, Kariobangi

JIBU: Ni kweli, na katika duka lako huna haja ya kukitafuta mbali. Kichomeke katika tundu la USB lililo nyuma au ubavuni mwa televisheni, ungoje kidogo, na mshale utatokea kwenye skrini. Katika televisheni za Android kibonyezo cha kushoto huchagua, na cha kulia aghalabu hurudisha nyuma. Kibodi yenye waya hufaa vile vile: mishale yake hutembea, Enter huchagua, Esc hurudi. Hii ndiyo njia ninayoitumia mwenyewe mteja anapokuja na televisheni ambayo haijapata kuingia katika mtandao wowote, kwa kuwa haihitaji simu, wala Wi-Fi, wala msimbo. Mifumo mingine haikitambui kipanya, lakini kujaribu hakukugharimu kitu.

SWALI: Jirani yangu alielekeza simu yake kwenye televisheni yetu ikazima, bila Wi-Fi na bila msimbo. Simu ya namna gani hiyo? — Mwanafunzi, Buruburu

JIBU: Hiyo ni simu yenye jicho la mwanga, binti yangu, na hapa tumefika kwenye mlango wa zamani. Rimoti nyingi husema kwa mwanga uitwao infraredi, ulio nje kidogo ya wekundu ambao jicho la binadamu linaweza kuuona. Taa ndogo iliyo kichwani mwa rimoti huwaka na kuzima kiasi cha mara 38,000 kwa sekunde, na katika kumeta huko kila kitufe kina saini yake, ambayo televisheni huisoma kwa kijicho cheusi kilicho chini ya fremu. Simu nyingi za Xiaomi na Redmi, na baadhi ya Infinix na Tecno za karibuni, zina taa hiyo. Itafute kwenye ukingo wa juu wa simu, ni nukta nyeusi iliyo mfano wa punje ya uwele. Unachagua jina la televisheni katika programu ya rimoti iliyomo, unajaribu kitufe cha kuzima, ikiitika umemaliza. Simu isiyo nayo hupatiwa kijitaa cha kuchomeka kwenye tundu la kuchajia. Angalia tu kwamba vijiti kama Fire TV havina kijicho cha kuupokea mwanga huo, navyo vitakutaka urudi kwenye mlango wa mtandao.

Mimi hustaajabu kila ninapoifikiria safari ya kifaa hiki. Mwaka 1950 kampuni ya Zenith, ya Chicago, iliuza rimoti iliyofungwa kwa waya mrefu, na watu wakajikwaa. Mwaka 1955 mhandisi wake Eugene Polley akatoa Flash-Matic, tochi iliyoelekezwa kwenye pembe nne za skrini, na jua likiingia dirishani televisheni ikajibadilisha yenyewe. Mwaka uliofuata Robert Adler akaleta Space Command, ambayo haikuwa na betri kamwe: ukibonyeza, kinyundo kiligonga ufito wa alumini, nao ukatoa mlio wa juu usiosikiwa na sikio la mtu, televisheni ikausikia. Sisi huku matangazo ya televisheni yalitufikia mwaka 1962, na kwa miaka mingi baadaye tuliinuka tukazungusha kirungu kwa mkono.

SWALI: Yangu haikupotea, ila imekufa. Naanika betri juani zinafanya kazi siku moja. — Mzee wa Kaloleni

JIBU: Shikamoo, mzee. Jua huipasha betri moto, na joto huyaharakisha yaliyomo ndani yake kwa muda mfupi. Lakini betri iliyochoka ni iliyochoka, na ukizidi kuianika itavuja, na ule uchafu wake utakula chemchemi za rimoti. Nakuomba pia usiiume kwa meno, ingawa tuliyafanya hayo utotoni.

Jaribu kwanza hivi: fungua kamera ya simu, hasa ile ya mbele, uielekeze taa ya rimoti kwake, ubonyeze kitufe. Ukiona nuru hafifu ya zambarau kwenye simu, rimoti ni hai na ugonjwa upo kwingine. Usipoiona hata kwa betri mpya, tazama penye betri. Ukikuta ukoga wa kijani au unga mweupe, uufute kwa pamba yenye matone ya siki au ndimu, ukaushe vema. Vikiwa ni vitufe vichache tu visivyoitika, fungua maganda mawili ya rimoti kwa kadi ngumu ya plastiki: ndani mna mpira wenye vitufe, uoshe kwa maji ya sabuni, na ubao uufute kwa spiriti. Nusu ya rimoti zinazoletwa kwangu zikiitwa maiti hufufuka kwa kuoshwa chai iliyomwagika.

SWALI: Usiku skrini yangu hubadilika ghafla ikacheza muziki nisioujua. Je, ni mwizi? — Dada wa Umoja

JIBU: Yaelekea si mwizi, dada, ni jirani aliye katika Wi-Fi moja nawe, naye pengine hajui. Televisheni za ploti moja mara nyingi zina jina lile lile zilizotoka nalo kiwandani. Yeye akitaka kutuma wimbo wa YouTube kwenye yake, hugusa la kwanza analoliona, likawa lako. Ipe yako jina lako mwenyewe katika mipangilio, na uibadili Wi-Fi iwe na neno la siri usilomgawia mtu. Kisha pitia orodha ya simu zilizopewa ruhusa, ufute usizozitambua.

SWALI: Nyanya yetu anakaa peke yake Jericho, ana simu ya vibonyezo tu. Rimoti imepotea mara ya tatu. — Mjukuu

JIBU: Hapa nitakushauri kinyume cha yote niliyoyasema, usimpe simu wala kipanya, mnunulie rimoti. Mtu wa umri wake anastahili kifaa kimoja anachokijua kwa vidole. Piga picha karatasi iliyobandikwa nyuma ya televisheni yenye namba ya aina, na picha ya rimoti ya zamani kama unayo, uende Luthuli Avenue mjini, ambako wauzaji huzitundika rimoti kwa mamia. Linganisha mpangilio wa vitufe, wala usiridhike na jina pekee. Uliza ni ya infraredi au ya Bluetooth. Ile ya Bluetooth, yenye kitufe cha kusema, ni lazima ifunganishwe na televisheni kwanza, na hilo ulifanye wewe kabla hujamkabidhi. Ya infraredi hufanya kazi mara tu betri zinapoingia. Nunua mbili, moja uiweke kwako.

Wewe nawe, siku hiyo hiyo, rimoti mpya ikiwa ingali mkononi, iunganishe simu yako na televisheni yake na uache imekwisha kutambulika, ili itakapopotea ya nne uweze kumsaidia ukiwa umekuja kumsalimu. Halafu tia tone la rangi nyekundu ya kucha juu ya kitufe cha kuwashia, na jingine juu ya sauti, ngoja likauke. Na ikiwa yeye ndiye aliyevifuma vile vitambaa vya viti vyake, mwombe afume na kifuko kimoja, chenye upana wa rimoti na kina cha nusu yake, akishone kwenye mkono wa kiti anachokikalia, kwa uzi wa rangi isiyofanana na ile ya kochi.